Tunastaafu kazi, hatustaafu haki za watu

 

Ndugu msomaji, mimi ni mzee wa miaka 63. Nilistaafu utumishi wa umma nilipotimiza miaka 60, umri ambao kwa sheria ya nchi yetu mtumishi hulazimika kupumzika. Ofisini walinifanyia hafla, wakanipa cheti na saa ya ukutani. Nikarudi nyumbani nikijiona mtu niliyekamilika. Hijja nilikwisha kwenda, watoto wamesoma, wajukuu wapo. Nikajiambia, kilichobaki ni kufuga kuku, kuswali swala tano msikitini, na kusubiri wito wa Mola wangu kwa raha.

Raha yenyewe sikuiona. Simu ilinyamaza. Kuku walikufa kwa mdondo. Nilikuwa wa kwanza kufika msikitini Alfajiri, lakini nilitoka na uzito moyoni nisioujua ulikotoka. Nikadhani ndio upweke wa kustaafu.

Siku moja jirani yetu wa miaka mingi alifariki. Kabla hajaswaliwa, kama ilivyo ada yetu, msemaji wa familia alisimama akatangaza kuwa mwenye kumdai marehemu awaone wanawe. Tangazo hilo nimelisikia mara nyingi kiasi kwamba nilikuwa silisikii tena. Siku ile liliniingia. Nikajiuliza, lau ningekuwa mimi ndiye niliyefunikwa pale mbele, nani angejitokeza? Jibu lilikuja hapohapo: dada yangu.

Naomba nieleze, ingawa ni aibu. Baba yetu alipofariki aliacha nyumba ya vyumba sita Ilala. Mama alikuwa ametangulia. Warithi tulikuwa watatu: dada yetu mkubwa, kaka, na mimi. Surat An-Nisaa, aya ya 11, imekwishamaliza shauri hilo. Fungu la mtoto wa kiume ni sawa na mafungu ya watoto wa kike wawili. Kwa hiyo nyumba ile ni mafungu matano: mawili ya kaka, mawili yangu, moja la dada.

Sisi tulifanyaje? Tulisema dada ameolewa, ana mumewe wa kumtazama. Kodi ya wapangaji tukagawana nusu kwa nusu, miaka 19. Piga hesabu mwenyewe, ndugu msomaji. Katika kila shilingi 5 nilizokula, shilingi 1 ilikuwa ya dada yangu. Mumewe alipofariki alikaanga maandazi Mbagala kulea watoto, nami nikipita kumsalimia nilimwachia kidogo, nikajihesabu mtoa sadaka. Kumbe nilikuwa nikimpa chembe ya mali yake mwenyewe! Na mpaka leo sijui katika nauli ya Hijja yangu ni kiasi gani kilikuwa chake.

Mtume (S.A.W), katika hadithi aliyoipokea Muslim, aliwauliza masahaba zake ni nani aliyefilisika. Wakamjibu kuwa ni asiye na pesa wala mali. Akawafahamisha kuwa aliyefilisika katika umma wake ni yule atakayekuja Siku ya Kiyama na swala, funga na zaka, lakini huku alimtukana huyu, akala mali ya yule. Watagawiwa mema yake mpaka yaishe, kisha atabebeshwa madhambi yao. Hadithi hii nimeisikia tangu madrasa. Sikuwahi kufikiri kwamba inanizungumzia mimi na kanzu yangu.

Tena Bukhari amepokea kutoka kwa Abu Hurayra (R.A) kwamba aliyecheleweshewa ajali yake mpaka akafika miaka 60, Allah hakumbakishia udhuru. Ofisini miaka 60 walinipa saa ya ukutani. Kwa Mola wangu ulikuwa mwisho wa visingizio.

Nilimwendea kaka. Akasema mambo ya zamani yaachwe, kwani dada mwenyewe hajadai. Basi nikafanya hesabu ya upande wangu tu, nikatoa katika mafao yangu, nikaenda Mbagala na mashahidi wawili. Dada alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema: "Mdogo wangu, mwaka ule mtoto aliporudishwa shule kwa ajili ya ada, nilifika mpaka mlangoni kwako, nikarudi. Niliona haya kumdai ndugu yangu. Nimekusamehe zamani. Lakini pesa hizi nazipokea, kwa sababu ni haki yangu."

Sina jibu la maneno yale. Mtoto yule sasa ni mtu mzima, na shule hakumaliza. Kuna madeni ambayo pesa huyalipa nusu, nusu nyingine ni kuomba maghfira mpaka kufa. Lakini nakuambieni ukweli, usiku ule nililala usingizi ambao sikuupata tangu nistaafu. Wala sisemi haya kujisifu. Mtu aliyerudisha alichokichukua hana cha kusifiwa.

Ndugu zangu katika imani, wengi wetu tukizeeka tunatafuta utulivu kwa kuzidisha ibada, na hilo ni jema. Lakini moyo hautulii wakati shingo imebeba mali ya mtu. Chukua daftari leo, andika unaowadai na wanaokudai. Mirathi ya mzazi isikae bila kugawanywa, eti ndugu wanaelewana. Mara nyingi anayeelewa ni yule anayedhulumiwa. Na andika wasia. Katika hadithi ya Ibn Umar (R.A) waliyoipokea Bukhari na Muslim, Mtume (S.A.W) alifundisha kuwa Muislamu mwenye kitu cha kuusia asilale siku mbili bila wasia wake kuwa umeandikwa. Wa kwangu sasa upo. Umetaja kwamba sehemu ya nyumba ya Ilala iliyo mikononi mwangu kupita fungu langu ni mali ya dada, wanangu wasiiguse.

Nawe kijana wa miaka 40, usisubiri kustaafu. Umri huo umetajwa katika Surat Al-Ahqaf, aya ya 15, pamoja na dua ya kushukuru, kutubia na kuwaombea kizazi. Wewe una muda wa kulipa mtoto akiwa bado shuleni.

Kaka yangu bado hajakubali. Ana miaka 71. Kila Ijumaa baada ya swala nakwenda kwake, tunakunywa kahawa, na kabla sijaondoka namkumbusha. Niombeeni nami, Allah amlainishe moyo kabla halijasomwa lile tangazo.

Wabillahi tawfiq.