Uchungu wa Kuzaa: Je, Ni Hukumu?

Umoja wa wamama umetuletea swali la dada mmoja mwenye mimba ya kwanza. Anauliza kama ni dhambi kuomba dawa ya kupunguza uchungu siku ya kujifungua. Nyumbani ameambiwa kwamba uchungu ule Mungu mwenyewe aliuweka kwa sababu ya Hawa, na kwamba anayeukimbia anamkimbia Mungu. Tunajua wababa wengi wakiona kichwa cha habari hii watageuza ukurasa. Tunawaomba wasiugeuze, maana sehemu kubwa ya maneno haya ni yao.

Tuanze na Maandiko, kwa sababu ndiyo yanayotajwa kila mara. Katika Mwanzo 3:16 mwanamke anaambiwa kwamba atazaa kwa utungu. Imeandikwa, na hakuna wa kuifuta. Lakini tusiishie hapo, tusome na mstari wa 17 na wa 18. Huko mwanaume naye anaambiwa kwamba atakula kwa taabu na kwamba ardhi itamzalia miiba. Katika Kiebrania, neno la uchungu wa Hawa na neno la taabu ya Adamu ni moja, itsavon. Baadhi ya watafsiri walilipa maneno mawili, na sisi wasomaji tukadhani ni mambo mawili ya namna tofauti.

Sasa fikirini wakulima wa mpunga kule Bugarama. Wamechimba mifereji ya maji, wanaweka mbolea, wanang'oa magugu tangu asubuhi. Hatujasikia mchungaji yeyote akisimama kando ya shamba na kusema, acheni magugu yaote, ndiyo adhabu ya Adamu. Kinyume chake tunawaombea mavuno, na wakileta mchele kanisani tunaupokea kwa furaha. Basi kama Adamu anaruhusiwa kupunguza taabu yake kwa jembe na kwa mbolea, ni nani aliyemkataza Hawa? Mungu alisema jinsi dunia iliyoharibika itakavyokuwa. Hakutuagiza tuulinde uchungu usipungue.

Dada yetu asidhani kwamba yeye ni wa kwanza kuuliza. Mwaka 1847, kule Edinburgh, daktari Mskoti aitwaye James Young Simpson alianza kuwapa wamama kloroformu wakati wa kuzaa. Wakatokea watu waliompinga kwa mstari ule ule wa Mwanzo. Simpson aliwajibu kwa Biblia: alilichambua neno la Kiebrania, kisha akawakumbusha kwamba Mungu alipotaka kutwaa ubavu wa Adamu alimletea kwanza usingizi mzito (Mwanzo 2:21). Tarehe 7 Aprili 1853 Malkia Victoria wa Uingereza alivuta dawa hiyo alipomzaa mtoto wake wa nane, Leopold. Ndugu zetu Wakatoliki nao walijibiwa na Papa Pius wa 12 mwezi wa Januari 1956, kwamba Maandiko hayamkatazi mama kuzaa bila uchungu. Kwa hiyo swali ni la zamani na limejibiwa mara nyingi. Linabaki kusumbua kwa sababu katika nyumba zetu bado kuna watu wanaolitumia kumnyamazisha mwanamke.

Tuseme na jambo la hapa Rwanda, ambako tumepokelewa. Mwaka 2000 nchi hii ilihesabu vifo vya wazazi 1,071 kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai. Katika hesabu ya 2019 na 2020 vilikuwa 203. Mwaka 2000 karibu wamama 27 tu kwa kila 100 walizalia katika kituo cha afya au hospitali. Miaka ishirini baadaye walikuwa 93. Wale wanaosema kwamba mateso ya uzazi ni hukumu isiyoguswa watueleze: je, Mungu alibadilisha hukumu yake juu ya wanawake wa Rwanda katika miaka hiyo ishirini? Au watu walijenga vituo, wakafundisha wakunga, wakaweka washauri wa afya katika kila kijiji, na yaliyodhaniwa kuwa ni amri ya mbinguni yakaonekana kuwa ni umbali, umaskini na kukosa damu ya kuongezewa?

Kuna jambo lingine baya kuliko hilo, na tunalisema wazi kwa kuwa lipo kati yetu. Mama akikawia kuzaa, wengine wanaanza kumhoji. Wanamwambia aungame: ulilala na nani? Mtoto hatatoka mpaka useme. Tunafahamu mama aliyewekwa katika chumba cha maombi siku mbili, watu wakimwombea na kumhoji kwa zamu, kumbe mtoto alikuwa amelala kwa kukingama. Alipona kwa shida, mtoto hakupona. Mtoto aliyekingama, au nyonga iliyo nyembamba, haifunguki kwa maungamo. Wanafunzi walipomwona kipofu tangu kuzaliwa waliuliza ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake, na Bwana alilikataa swali lao (Yohana 9). Alilikataa swali lenyewe, kisha akamponya mtu. Uchungu una chanzo mwilini, na anayetafuta kosa mahali ambapo angetafuta gari anaongeza dhambi yake mwenyewe juu ya maumivu ya mwenzake.

Wengi wetu pia tulilelewa katika desturi ya kwamba mwanamke mwenye heshima hapigi kelele. Anauma kikwembe, ananyamaza, na kesho yake anasifiwa. Mwenye kunyamaza kwa sababu ndivyo mwili wake unavyotaka, na anyamaze. Lakini tusiifanye kuwa ni kipimo cha utakatifu. Someni Isaya 42:14. Hapo Mungu anajifananisha mwenyewe na mwanamke anayezaa, na mwanamke huyo hanyamazi: analia, anahema, anatweta. Kama Bwana hakuona haya kulia hivyo, muuguzi au mama mkwe anapata wapi neno la kumwambia binti afunge mdomo?

Na wale waliopasuliwa. Tunasikia maneno yakisemwa kisimani: yule hakuzaa, alitolewa. Haya ni maneno ya kuumiza na ni uongo. Mama aliyefunguliwa tumbo pale Gihundwe au Mibilizi amebeba mimba miezi ile ile, na baada ya hapo ana kidonda cha kuuguza na mtoto wa kunyonyesha kwa wakati mmoja. Uchungu haukuwa mahari ambayo mwanamke hulipa ili aitwe mama.

Sasa tuseme kinachotokea mwilini, maana hofu nyingi hutokana na kutojua. Mfuko wa uzazi ni msuli. Unajikaza na kulegea, na kila ukijikaza unaufungua mlango wa kizazi kidogo kidogo mpaka ufike kama sentimita 10. Kwa mimba ya kwanza kazi hiyo inaweza kuchukua saa 12 na zaidi. Uchungu wa kawaida huja na kwenda, na katikati kuna pumziko. Mama akijua kwamba pumziko linakuja, anaweza kuuvuka ule mmoja uliopo bila kuhesabu mingine yote. Hofu nayo ina kazi yake. Mwili ulioogopa hutoa adrenalini, ambayo inaweza kupunguza nguvu ya oksitosini, ile homoni inayousukuma mfuko wa uzazi, na kazi ikachelewa. Daktari Mwingereza Grantly Dick-Read aliliandika jambo hili miaka ya 1930 na 1940. Yeye alizidisha kidogo, akidhani kwamba hofu ikiondoka uchungu nao utaondoka karibu wote. Wamama wetu waliozaa mara sita bila hofu yoyote wanaweza kumjibu.

Sindano ya mgongo inayoondoa uchungu haipo katika vituo vyetu vya afya. Ganzi ya mgongo hupatikana hospitali kwa mtu anayepasuliwa. Tunasema hivyo ili dada yetu asitazamie kisichokuwepo. Hata hivyo vipo vinavyopatikana bila fedha. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2018, linasema kwamba mama awe na mtu aliyemchagua yeye mwenyewe wa kukaa naye, aruhusiwe kutembea na kubadilisha mkao, akandwe mgongo, awekewe kitambaa cha moto, afundishwe kupumua polepole, na asemeshwe kwa heshima. Imeonekana katika nchi nyingi kwamba mama mwenye mtu wa kukaa naye tangu mwanzo hadi mwisho huhitaji kupasuliwa mara chache zaidi na huhitaji dawa kidogo. Wababa, hapa ndipo penu. Kama materniti hairuhusu mwanaume kuingia, hakikisha kwamba yupo mama anayeingia, aliyechaguliwa na bibi yako na si na ukoo wako. Wewe kaa nje na simu yenye chaji, na watoto wengine wawe wamekula.

Kuna uchungu usiopaswa kuvumiliwa hata kidogo. Damu ikitoka nyingi, kichwa kikiuma sana na macho yakiona giza, mwili ukishikwa na degedege, homa ikipanda, maji yakipasuka na uchungu usianze, kitovu kikitangulia, au mama akiwa bado anaumwa tangu jua lilipochomoza hadi lilipozama: msingoje ibada iishe. Mwombeeni akiwa ndani ya gari. Mtoto akikwama muda mrefu mama anaweza kufa, au akabaki na fistula, mkojo ukimtoka bila kizuizi, na tunajua jinsi wamama wa namna hiyo wanavyokimbiwa hata kwenye viti vya kanisa.

Wengi mnalijua jina la Denis Mukwege wa Bukavu. Kila mtu ana maoni yake kuhusu siasa, na ukurasa huu si wa siasa, tunazungumza uzazi. Yeye ni mtoto wa mchungaji wa Kipentekoste. Amesimulia kwamba akiwa mdogo alimfuata baba yake kuwaombea wagonjwa, akamwuliza kwa nini anaomba tu bila kutoa dawa, na baba akamjibu kwamba yeye si muganga. Mtoto akaamua kuwa muganga. Alipofanya kazi Lemera aliona wamama wakifika wamechanika na kuvuja baada ya kuzaa bila msaada, na ndiyo sababu alikwenda Angers, Ufaransa, kusomea magonjwa ya wanawake. Hospitali ya Panzi aliyoianzisha mwaka 1999 ilikusudiwa kwanza kwa ajili ya wazazi. Tunapenda jibu lile la baba yake. Hakujifanya kuwa muganga na hakumkataza mtoto. Aliendelea kuomba, na mwanawe akaenda shule.

Limebaki jambo moja, na ni gumu. Katika Yohana 16:21 Bwana anasema juu ya mwanamke ambaye, mtoto akizaliwa, haikumbuki tena dhiki yake kwa sababu ya furaha. Tunapenda kuwaambia wamama maneno hayo. Lakini baadhi ya wasomaji wetu walizaa njiani, wengine mwaka 2004 tulipovuka Ruzizi kutoka Bukavu kuja Cyangugu, wengine katika vita vya 2025, na si wote walifika na mtoto mkononi. Kwa mama huyo uchungu haukuleta mshahara. Akiambiwa kwamba atausahau, anaambiwa kitu ambacho mwili wake unakikataa. Hatuoni kwamba tuna ruhusa ya kumtafutia sababu. Biblia yenyewe haikumtafutia Raheli. Naye alikuwa safarini na jamaa yake, wameacha Betheli na hawajafika Efrathi, uchungu ukawa mzito. Mkunga akamwambia asiogope, mtoto ni wa kiume. Raheli akafa. Alipokuwa akikata roho alimwita mtoto Benoni, yaani mwana wa huzuni yangu, na Yakobo akambadilishia jina. Lakini jina alilolitoa mama halikufutwa katika kitabu. Yote mawili yameandikwa, na Yakobo akasimamisha nguzo juu ya kaburi (Mwanzo 35:16-20).

Wengi wetu hatukupata nafasi ya kusimamisha nguzo. Kwa hiyo wazee wa kanisa wamekubali ombi la umoja wa wamama: watoto waliokufa wakizaliwa, na wamama waliokufa wakizaa, hapa au njiani, wataandikwa katika daftari la kanisa pamoja na waliobatizwa na waliooana. Mtoto aliyekuwa hajapewa jina ataandikwa kwa jina la mama yake na mahali alipozaliwa, hata kama mahali hapo palikuwa kando ya barabara tu. Anayependa amwone mwandishi wa kanisa Jumapili baada ya ibada, au amtume mtu mwingine akiwa hana nguvu ya kuja mwenyewe.