Mama Hana Nywila

Huku Mbulu Wairaqw wa zamani walichimba nyumba ubavuni mwa kilima ili Wamasai waliotafuta ng'ombe wasizione. Usalama ulikuwa kujificha. Leo kijana wa Tlawi aliyehamia Arusha anafunga kamera uani kwa mama yake. Picha anazitazama kwa simu, akifika kazini kwa kompyuta, na dada yake wa Dar es Salaam naye kapewa nywila. Mwizi mwenyewe haji kila siku. Anayeonekana kutwa ni mama, anapukuchua mahindi. Ibara ya 16 ya Katiba inalinda faragha ya mtu nyumbani mwake, sasa mbona mama hana nywila? Apewe yeye kwanza, na swichi pia. Akizima aongee na jirani yake, wanawe wasipige simu eti kulikoni.