Siku ya Tatu Mpe Jembe

Kumpenda mgonjwa ni kumlisha, au ni kumwacha ajilishe huku mchuzi ukimwagikia shuka? Swali hili huzuka kila saa ya chakula kwenye wadi za Homa Bay na Migori.

Tuseme mgonjwa ni mvuvi wa Mbita. Kiharusi kimempooza upande wa kulia. Bintiye amefunga kibanda chake cha omena, amekuja na chakula, anamega tonge na kumtia baba mdomoni. Anatokea mtaalamu wa tiba kwa vitendo, yule ambaye hospitalini wengi humwita tu OT: "Dada, hebu mwache Baba ajaribu." Jameni! Binti anamtazama kama mtu asiyelelewa.

Wengi huichanganya kazi hii na ya fiziotherapia. Kwa ufupi, wa fizio atahangaika na mguu usonge. OT atauliza mguu huo ukufikishe wapi: chooni, jikoni, ufuoni. Kuoga, kuvaa, kula, kurudi kazini, hayo ndiyo matibabu yake. Wamarekani waliunda chama cha taaluma hii mwaka 1917. Kenya ilitunga sheria ya kuwasajili wataalamu wake 2017, miaka 100 baadaye.

Lakini binti naye ana hoja. Hili neno "kujitegemea" linanukia nchi ambako mzee huishi peke yake na birika lake. Kwetu, aliyekulisha ukiwa mtoto, ukimlisha akiwa mzee unalipa deni kwa furaha. Halafu kuna suala la mkono. Kiswahili chenyewe kinasema mkono wa kulia, na kwenye meza nyingi kula kwa kushoto ni utovu wa adabu. OT anamwomba mzee avunje mbele ya watu adabu aliyowafunza wanawe. Hilo si jambo dogo.

Hata hivyo, ukinibana nitasimama na OT, kwa sababu ya methali moja: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huwa tunaisoma kama onyo kwa wavivu. Mimi naona ukarimu ndani yake. Anayepewa jembe ameshakuwa wa nyumbani. Anayefanyiwa kila kitu hubaki mgeni kwenye boma lake mwenyewe: wote wanamheshimu, hakuna anayemuuliza. Leo kijiko, kesho ng'ombe anauzwa na mtumbwi unakodishwa, yeye akisikia tu kupitia ukuta.

Ila methali hii ina makali. Wapo ambao hawatashika jembe kamwe. Mtoto wa Nyatike mwenye mtindio mkali wa ubongo, je, thamani yake ipimwe kwa kazi ya mikono? Tukisema ndiyo, tumemfukuza. Kifungu cha 28 cha Katiba ya 2010 kinatambua kwamba kila mtu ana utu wake wa kuheshimiwa. Hakisemi aufanyie kazi kwanza. Kwa hiyo jembe lenyewe lazima liwe jepesi zaidi: nafasi ya kuamua. Mtoto akigeuza uso ameshiba, na anayemlisha akaacha, mtoto huyo ameshatenda jambo.

Ndiyo maana OT mzuri huanza kwa kuuliza, "Baba, unataka kurudia nini?" Huenda vifungo vya shati havimhusu kabisa, anataka kushona nyavu. Na akiamua kwamba Jumapili alishwe na bintiye, sawa, ni uamuzi wake.

Tusisahau gharama. Mlo wa dakika 10 unakuwa wa 40, na kibanda kimefungwa. Kutoka Mfangano hadi hospitali kuna nauli ya boti. Kumwambia binti "vumilia" kisha kumwachia mzigo wote ni dhuluma. Uvumilivu una bei, na familia nzima inafaa kuichangia.

Hapo ndipo sisi tulioko mjini tunapoingia. Tunatuma M-Pesa, tunaajiri msaidizi, tunapanga kila kitu kwa simu na yule anayeongea haraka. Wiki hii ukipiga simu nyumbani, omba mgonjwa mwenyewe apewe simu. Muulize anataka nini. Maneno yatatoka polepole. Usimmalizie sentensi.