Gunia la Pili

Kuchagua mchele kwenye ungo ni kazi ya jicho na vidole: chuya inatolewa, jiwe linatupwa, pumba zinapepetwa. Siku hizi baadhi ya viwanda vya kukoboa mpunga huko Mbeya vina mashine yenye kamera inayofanya kazi hiyo. Punje zinateremka kwenye mifereji, kila moja inapigwa picha ikiwa inaanguka, na ikionekana ya njano au ina doa, upepo wa kompresa unaipuliza pembeni kabla hujapepesa jicho. Mchele unatoka umefanana punje kwa punje, mweupe hadi unatia shaka.

Sina ugomvi na mashine. Kamera haijui ubaya ni nini. Kuna mtu aliyekaa pale akaamua doa la ukubwa gani ni kosa. Akibana, zinazokataliwa zinaongezeka na faida inapungua. Akilegeza, sisi tunakula doa. Uamuzi huo ni wa kimaadili hata ukiandikwa kwa namba kwenye skrini. Na tofauti yake na mama mwenye ungo ni moja tu: mama naye atakula huo wali.

Lakini swali linalonisumbua liko kwenye mahindi, chakula cha Iringa kabla ya kingine chochote. Mwaka 2016, Dodoma na Manyara, watu 68 waliugua kwa sumukuvu iliyokuwa kwenye mahindi, na 20 kati yao wakafa. Sumu ile haina harufu wala ladha, na hindi linaweza kuwa nayo likiwa safi machoni. Ndiyo maana kiwango cha Afrika Mashariki, mikrogramu 10 za aflatoksini kwa kilo, kinapimwa maabara. Jicho, la mtu au la kamera, linaona dalili tu: punje iliyovunjika, iliyooza, iliyobadilika rangi. Ukizitoa hizo unapunguza sumu kweli, maana nyingi hukaa humo.

Sasa basi, imekwenda wapi? Haijafa. Imekusanywa kwenye gunia la pili, lile la zilizokataliwa, ikiwa kali zaidi kuliko ilivyokuwa mwanzo. Na gunia lile mara nyingi halichomwi, kwani lina bei. Atalinunua mfuga kuku, atalinunua mpika komoni anayetafuta mahindi ya bei nafuu, atalinunua mama ambaye mwezi huu hana namna. Mashine imefanya kazi yake vizuri kabisa, na mwenye hela amelindwa kwa mzigo aliobebeshwa mwingine. Eti tunaita hilo ubora!

Mtu mmoja wa biashara hii nilimuuliza habari za gunia hilo. Akasema hajawahi kupata malalamiko kutoka kwa mteja. Alikuwa akisema kweli, ila risiti na namba yake ya simu viko kwenye gunia la kwanza. La pili linauzwa mlango wa nyuma, kwa debe, bila jina.