Jibu Alilolikwepa

Mzazi akitaka kumtoa binti yake shuleni siku hizi, hamvuti mkono wala hamfungii ndani. Anamwambia afeli. Nimefundisha darasa la saba huku Mombo muda wa kutosha kuijua hila hii, na nataka kuieleza kwa habari ya mtoto mmoja, kwa sababu nimechoka kuona majina mazuri yakikosekana kwenye orodha ya kidato cha kwanza, halafu tunaambiwa mtoto hakuwa na kichwa.

Huyu alikuwa na kichwa. Jina lake nalihifadhi. Baba yake alikuwa mkata mkonge, nao walikaa kambini, nyumba ya chumba kimoja na ukumbi. Ukimwita ubaoni kugawanya desimali, alianza kwa kuhamisha nukta, akahesabu kimoyomoyo huku midomo ikicheza, kisha akaandika jibu na kulipigia mistari miwili chini, iliyonyooka kama ya rula. Wenzake wakiona mistari hiyo walijua hakuna haja ya kurudia hesabu. Mtihani wa moko, ule wa majaribio, alikuwa wa pili katika darasa zima.

Mtihani wa taifa akapata E. Hata Kiswahili.

Mwalimu anayewajua wanafunzi wake hawezi kulimeza jambo kama hilo. Nikaenda kambini. Baba alinipokea kwa heshima zote, akanipisha kwenye kiti pekee kilichokuwa na egemeo. "Mwalimu, mimi ningefanyaje? Mtihani ni wa serikali, na serikali imesema hawezi. Ni kumshukuru Mungu tu." Mama alikuwa anachambua mchicha kwenye ungo, hakuinua uso. Binti mwenyewe hakuwepo. Alishapanda basi kwenda Dar es Salaam kulea mtoto wa watu, shangazi yake ndiye aliyempeleka, wiki nyingi kabla ya matokeo. Baba hakuyasubiri matokeo kwa kuwa aliyajua.

Niseme hapa kwa nini hila imehamia kwenye chumba cha mtihani. Mwaka 2016 Sheria ya Elimu ilirekebishwa, na tangu hapo anayemwoa mwanafunzi wa msingi au sekondari, au kumpa mimba, kifungo chake ni miaka 30. Anayesaidia ndoa hiyo naye ana adhabu yake. Ni sheria kali, na imewatia watu hofu; wazazi wanaijua, hata wasiojua kusoma wanaweza kukutajia miaka hiyo. Lakini ulinzi wake unamfuata mtoto maadamu yuko shuleni. Akimaliza la saba bila kuchaguliwa, anatoka nje ya uzio huo, na nje inamsubiri Sheria ya Ndoa ya 1971, inayoruhusu binti kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi. Mahakama Kuu ilisema mwaka 2016, katika shauri lililofunguliwa na Rebeca Gyumi, kwamba vifungu hivyo vinapingana na Katiba, ikatoa mwaka mmoja virekebishwe. Mahakama ya Rufani ikaithibitisha hukumu hiyo Oktoba 2019. Mwaka mmoja ulikwisha zamani.

Kwa hiyo hakimu hawezi kumgusa baba aliyemwambia bintiye aweke kivuli kwenye herufi ya jibu asiloliamini. Hakuna shahidi isipokuwa mtoto, na mtoto ameonywa.

Wala si ndoa tu inayowasubiri waliofelishwa; wako wanaopelekwa kazi za ndani mjini, kama huyu wetu, na hapo mji wetu unarahisisha mambo. Mombo ni mahali pa kupita. Reli ya Wajerumani kutoka Tanga ilifika hapa mwaka 1905, na leo barabara ya Lushoto inashuka kupitia Soni na kuikuta hapa barabara kuu iendayo Dar es Salaam upande mmoja na Arusha upande wa pili. Mabasi yanasimama, abiria wanakula, wauzaji wa ndizi na machungwa wanakimbilia madirishani. Simama stendi mwezi Januari utaona makundi mawili ya wasichana wa umri mmoja. Hawa wana matranka na magodoro, wanasubiri gari la kupanda milimani, kwenda shule kama Kifungilo na Mazinde Juu. Wale wana mfuko mmoja wa nguo na namba ya simu imeandikwa kwenye kipande cha karatasi. Mara nyingi makundi yote mawili ni ya Wasambaa au Wazigua wa vijiji hivihivi. Nimewahi kusimama pale nikaona dalali akimlipia nauli mtoto ambaye ningeapa hajafikisha miaka 14, na chini ya umri huo Sheria ya Ajira ya 2004 inakataza kabisa kuajiri.

Turudi kwa mtoto wetu. Alikaa Dar karibu miaka miwili. Mshahara wake uliahidiwa kutunzwa kwa bosi mpaka atakaporudi nyumbani, na kidogo kilikuwa kinatumwa kwa simu ya shangazi. Baba alikuwa amekwisha kuupangia mshahara huo: mabati. Alichukua mkopo wa duka akajenga nusu ya paa, akitegemea fedha ya mtoto imalizie. Kisha kule mjini ikapotea pete, akashukiwa binti, akapelekwa stendi ya Mbezi usiku akiwa na nauli tu. Hakuwa na mkataba, wala hakuwa na mtu wa kumwambia kwamba kazi ya ndani nayo ni kazi yenye haki zake. Yeye aliyegawanya desimali kichwani hakujua anadai kiasi gani, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwonyesha hesabu yenyewe. Huku nyumbani mkopo wa mabati ulikosa wa kuulipa, na mwenye duka alichukua mbuzi.

Aliporudi alikuja kunisalimia. Tulikaa kwenye msingi wa darasa, akanieleza siku ya mtihani. Masomo mengine, alisema, hayakumpa shida: aliweka kivuli herufi moja kuanzia juu mpaka chini bila kusoma swali. Hisabati ndiyo iliyomtesa. "Mwalimu, nilishindwa kutokuhesabu." Kila swali alilikokotoa kwanza pembeni, akalipata jibu, akalitazama, halafu akaweka kivuli kwenye herufi iliyo jirani nalo. Msimamizi alimsifu kwa utulivu.

Nimelisikia jambo hili kwa sura nyingi, lakini hapo ndipo liliponiingia mwilini. Mtoto wa miaka 13 alilazimishwa kuitumia akili yake yote dhidi yake mwenyewe, na akafanya hivyo kwa utii, kwa kuwa tulimfundisha sisi sote, nyumbani na shuleni, kwamba binti mwema hambishii mkubwa. Utii huo tunausifu kwenye sherehe za mahafali.

Baba hakuwa mtu mkatili. Elimu ilitangazwa kuwa bila ada mpaka kidato cha nne tangu 2016, lakini sare, madaftari, chakula cha mchana na umbali wa shule ya kata havikufutwa, na mkata mkonge hulipwa kwa mkonge aliokata. Naelewa alivyopiga hesabu. Alikosea mahali pamoja: aliihesabu mishahara ya miaka miwili, hakuihesabu miaka iliyobaki.

Sera mpya ya elimu inafanya miaka kumi kuwa ya lazima, mpaka kidato cha nne, na itakapokamilika mtihani wa mwisho wa msingi hautakuwa tena mlango wa kutokea. Novemba 2021 Serikali iliruhusu pia waliokatisha masomo, wakiwemo waliopata ujauzito, kurudi darasani. Haya nayashangilia. Ila msichana aliyeandikwa "amefeli" hakuna anayemtafuta, kwa kuwa kwenye karatasi hakuna aliyemkatisha.

Walimu wenzangu wa darasa la saba, hifadhini matokeo ya moko. Yawekeni sambamba na ya taifa, na mtoto aliyeanguka kutoka A hadi E mfuateni kwao wiki hiyohiyo, mkiwa na mtendaji wa kijiji. Kabla ya Septemba waiteni akina mama peke yao, maana wao wanajua nini kimesemwa usiku. Na watoto wafundisheni namba 116, ambayo hupigwa bure.

Mdogo wake alipofika darasa la saba, mama yule aliyechambua mchicha alikuja shuleni bila kuitwa, akasema mbele ya mumewe: "Huyu atajibu anavyojua." Akafaulu, yuko sekondari. Dada yake anajiandaa na Mtihani wa Maarifa, ule watu wanaouita QT, ili baadaye afanye wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Ada ya mtihani mama aliilipa kwa ndizi alizouza stendi, na jioni binti anakuja kwangu kwa ajili ya Kiingereza. Hisabati haniulizi.