Katiba Inaingia Hadi Kikao cha Ukoo

Tukisikia habari za haki za binadamu, macho yetu hukimbilia serikalini: askari aliyemweka mtu mahabusu bila sababu, gazeti lililofungiwa, mkutano uliozuiwa. Si vibaya. Dola ndiyo yenye bunduki na magereza, na katiba huandikwa kwanza ili kuibana. Lakini leo nataka tuzungumze upande tunaoukwepa. Ibara ya 29 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania inatamka kwamba kila mtu anastahili kufaidi haki za msingi, kisha inamtaka kila mtu aendeshe mambo yake bila kuingilia haki za wengine. Ibara ya 30 inamruhusu mtu kwenda Mahakama Kuu ikiwa haki yake imevunjwa na mtu yeyote, mahali popote nchini. Mume yumo humo. Mwajiri yumo, baba mdogo anayesimamia mirathi yumo, na mimi na wewe tumo.

Wataalamu huzigawa haki hizi katika mafungu. Zipo za kiraia na kisiasa: kuishi, kutoteswa, kusikilizwa na mahakama, kuabudu, kutoa maoni, kupiga kura. Zipo za kiuchumi, kijamii na kiutamaduni: kazi, ujira wa halali, elimu, afya. Na zipo za jamii nzima kwa pamoja, kama haki ya maendeleo na ya mazingira yanayofaa kuishi, ambazo Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, uliopitishwa Nairobi mwaka 1981, umezitaja waziwazi. Mkataba huohuo umeorodhesha pia wajibu wa mtu kwa familia na jamii yake.

Mgawanyo huu si wa darasani tu. Kwa Tanzania, haki ya kuishi, ya usawa au ya kumiliki mali unaweza kuidai mahakamani, lakini elimu na ustawi wa jamii vimewekwa katika ibara ya 11, na ibara ya 7 imezifungia mahakama kuamua kama sehemu hiyo ya Katiba imetekelezwa. Wakenya walikata shauri tofauti: Katiba yao ya 2010 imeweka afya, makazi, chakula, maji na elimu katika ibara ya 43, na raia anaweza kuvifungulia kesi. Kwa maoni yangu Wakenya wamepatia, kwa sababu haki isiyoweza kudaiwa popote inabaki kutegemea huruma ya aliye madarakani.

Hata hizi tulizo nazo hazikuja pamoja na uhuru. Tanganyika ilijitawala mwaka 1961 bila sura ya haki katika katiba yake, maana viongozi wa wakati ule, Mwalimu Nyerere akiwa mbele, waliona ingewafunga mikono katika kujenga taifa changa. Mwaka 1962 ikatungwa sheria ya kuweka watu kizuizini bila kesi. Haki za binadamu ziliingizwa katika Katiba kwa Mabadiliko ya Tano ya mwaka 1984, na hapo napo serikali ikajipa miaka mitatu ya kurekebisha sheria zake kabla ya mtu kuruhusiwa kwenda mahakamani. Mlango ulifunguliwa Machi 1988.

Agosti ya mwaka huohuo, mama mmoja wa Wilaya ya Muleba, Kagera, aliuza shamba. Alikuwa amelirithi kwa baba yake, kwa wosia, na aliliuza kwa shilingi 300,000. Mtoto wa ndugu yake akafungua shauri katika Mahakama ya Mwanzo, akitaka mauzo yafutwe. Sheria ya mila, iliyotangazwa rasmi na serikali mwaka 1963, ilimruhusu mwanamke kula mazao ya shamba la ukoo maisha yake yote, ila kuliuza hapana. Mahakama ya Mwanzo ikamkubalia kijana. Mahakama ya Wilaya ikampa haki mama. Shauri likapanda hadi Mahakama Kuu Mwanza, na Februari 1990 Jaji James Mwalusanya akatoa hukumu ambayo wanasheria wanaitaja hadi leo kama kesi ya Ephrahim dhidi ya Pastory. Jaji aliisoma ibara ya 13, inayohusu usawa, pamoja na mikataba ya kimataifa ambayo Tanzania imeiridhia, akaamua kwamba mwanamke ana uwezo uleule wa kuuza alio nao mwanamume, kwa masharti yaleyale: ukoo ukiona uchungu, na ulikomboe shamba kwa kurudisha bei.

Mtazame aliyemburuta mama huyu mahakamani. Hakuwa mkuu wa wilaya wala askari, alikuwa damu yake. Wala sidhani alijiona mwovu. Pengine aliamini anaulinda ukoo wake. Haki nyingi huvunjwa hivyo hivyo, na watu wenye nia njema wasiojiuliza nani analipia nia yao.

Baada ya kesi ile sheria zilisogea. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ilibatilisha mila inayomnyima mwanamke kumiliki ardhi, na mwaka 2000 jinsia ikaongezwa katika Katiba kuwa mojawapo ya misingi ambayo ni marufuku kumbagua mtu kwayo. Vikao vyetu havikusogea kwa kasi hiyo. Unavijua. Arobaini imekwisha, wanaume wameketi kwenye viti vya plastiki chini ya mwembe, mjane yuko mkekani na mawifi zake, kajitanda khanga. Mzee anafungua kwa dua. Kisha linatoka lile neno la upole: "Shemeji, wewe ni wetu, hakuna anayekufukuza, ila shamba hili ni la ukoo." Vichwa vinaitikia. Karatasi inazungushwa, mjane anaonyeshwa mahali pa kuweka dole gumba, anaambiwa ni utaratibu tu wa kumteua msimamizi wa mirathi. Hakuna aliyemsomea kilichoandikwa.

Ikiwa wewe ni mmoja wa wanaokaa kwenye viti vile, nakusihi, usiitikie kwa kichwa. Omba muhtasari usomwe kwa sauti kabla ya mtu yeyote kutia saini. Muulize mjane, mbele ya wote, anamtaka nani asimamie. Wakumbushe ndugu zako kwamba kusimamia mirathi si kurithi: msimamizi hukusanya mali ya marehemu, hulipa madeni, hugawia warithi, kisha hurudisha hesabu mahakamani. Na kama mna dini ya Kiislamu, fungu la mjane halingojei kikao: ni thumuni marehemu akiwa ameacha mtoto, robo akiwa hakuacha. Kumnyima hilo kwa kisingizio cha ukoo ni kuvunja dini na Katiba kwa mpigo mmoja.

Lipo jambo jingine linalonitia uchungu zaidi. Mtu anapiga kelele ya "mwizi!" sokoni, na kabla hujageuza shingo vijana wameshika mawe, mwingine analeta tairi. Kesho magazeti yanaandika kuwa ameuawa na wananchi wenye hasira kali. Hao ni nani? Ni muuza nyanya, ni konda, ni kijana wa bodaboda aliyekurudisha nyumbani jana. Ibara ya 13 inakataza mtu aliyeshtakiwa kutendewa kama mkosaji kabla kosa halijathibitika, na ibara ya 14 inampa kila mtu haki ya kuishi, kibaka akiwemo. Mbele ya sheria kitendo kile ni mauaji, na aliyerusha jiwe moja anaweza kushtakiwa sawa na aliyewasha kiberiti.

Najua jibu lenu: tukimpeleka kituoni, kesho tunakutana naye mtaani. Dhamana si kufutiwa kesi. Ni haki, haiuzwi, na siku mwanao akikamatwa kwa kusingiziwa utaitafuta usiku kucha. Mkuki kwa nguruwe. Kama askari ameramba rushwa, hilo ni kosa la askari, lipelekeni TAKUKURU, msilipe kwa uhai wa mtu. Ukisikia kelele ile, piga 112, mwite mwenyekiti wa mtaa, wasogeze watoto. Ukishindwa kuwazuia, angalau usirushe, wala usitoe simu kurekodi.

Na yule binti wa kazi jikoni kwako, anayelala wa mwisho na kuamka wa kwanza? Ibara ya 23 inampa ujira unaolingana na kazi yake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mapumziko ya kila wiki, na inakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14. Hesabu mshahara wake leo, na kama una deni lake, mlipe kabla hujalala.

Siisahau serikali. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilikubaliana na mwanasheria Rebeca Gyumi kwamba vifungu vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vilivyoruhusu binti wa miaka 15 kuozwa kwa ridhaa ya mzazi, na hata wa miaka 14 kwa idhini ya mahakama, vinakwenda kinyume na Katiba. Mahakama ya Rufani ikauthibitisha uamuzi huo Oktoba 2019. Mwaka 2020 Bunge likabadili sheria ya kudai haki za msingi, likamtaka anayefungua shauri aonyeshe kwamba yeye mwenyewe ameguswa na uvunjaji anaoulalamikia. Hilo halikuwa jambo jema. Mabinti wanaoozwa wakiwa na miaka 15 si watu wa kupanga foleni Mahakama Kuu na kula kiapo. Wanahitaji mtu mzima wa kusimama kwa niaba yao, na Bunge lihakikishe nafasi hiyo ipo.

Wakati tunalidai Bunge hilo, yapo yasiyohitaji kibali cha mtu. Msomaji, kama kwenu kuna kikao cha mirathi mwezi huu, nenda. Chukua nakala ya Katiba, weka alama ibara ya 13 na ya 24, ikifika zamu yako ya kusema zisome. Na mjane asipoulizwa neno, muulize wewe.