Benchi la Kusikiliza

Mjini Harare, Zimbabwe, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianzisha mwaka 2006 huduma ambayo kifaa chake kikuu ni benchi la mbao lililowekwa nje ya zahanati, ambapo bibi aliyefunzwa huketi na mtu mwenye sonona, yaani huzuni nzito isiyoondoka, humsikiliza na kumsaidia kuchagua tatizo moja la kulishughulikia kwanza. Benchi hubeba wote wawili. Anayesikiliza naye huchoka, naye huhitaji wa kumsikiliza; kwa hiyo shirika linalohudumia nafsi za watu hudumu kwa watumishi wake kutunzana. Benchi hubeba wote wawili. Anayeingia kazini leo na amsikilize mwenzake kabla ya kumshauri.